Tabu za Mtunza Gemu Kuukuu

Katika nchi hii ya Tarime, ambako mali ya mtu huhesabiwa kwa kwato na heshima yake hupimwa kwa upana wa zizi lake, si jambo jepesi kuwaeleza majirani kwamba mtu mzima mwenye mke, wajukuu na akili timamu, ambaye kiinua mgongo chake kingaliweza kumpatia mitamba ya kutosha, ameamua kwa hiari yake kukusanya mashine za gemu zilizokwisha kutupwa na mataifa mengine. Majirani zangu, kwa kuwa ni watu wa busara wasiopenda jambo likae bila ya sababu, wamegawanyika katika madhehebu matatu. Madhehebu ya kwanza yanashikilia kwamba mimi ni fundi redio niliyeshindwa na kazi. Madhehebu ya pili, yenye wafuasi wengi zaidi, yanaamini kuwa haya ni mambo ya uganga, na hoja yao si dhaifu hata kidogo, maana aghalabu ya mashine zangu zina nyaya tatu, mmoja mwekundu, mmoja mweupe na mmoja wa manjano, nami huonekana nikizichomeka usiku huku nikinong'ona maneno yasiyofaa kusikiwa na watoto. Madhehebu ya tatu yana muumini mmoja tu, naye ni mke wangu, ambaye katika suala hili hana itikadi yoyote ila swali: masanduku haya yataondoka lini chumbani?

Hali ilizidi kuwa ngumu jioni moja nilipokuwa barazani kwa fundi cherehani, nikaona ni vema nijitetee kwa hoja ya fedha, ambayo huwa haihitaji mkalimani. Nikawaarifu waliohudhuria kwamba mwezi wa Julai 2021, katika mnada ulioendeshwa na Heritage Auctions huko Marekani, katriji moja ya Super Mario 64, mchezo uliotoka mwaka 1996, ilinunuliwa kwa dola milioni moja, laki tano na sitini elfu. Wakanyamaza kwa adabu. Kisha mzee mmoja, ambaye inasemekana hajapata kupunjwa mnadani tangu uhuru, akauliza kama mchezo wenyewe ulikuwa mtamu kiasi hicho. Nikamjibu kwamba kwa katriji ile hakuna ajuaye, kwa sababu haikupata kutolewa ndani ya kasha lake tangu itoke kiwandani, na hiyo hasa ndiyo sababu ya bei yake.

"Basi huyo," akasema mzee taratibu, "amenunua karatasi ya kufungia."

Wenzake hawakuwa na hekima kama yake. Kulipokucha, kabla mke wangu hajamaliza kufagia uwanja, palikuwa na foleni mlangoni. Yupo aliyekuja na rimoti ya king'amuzi kilichopigwa na radi. Yupo aliyeshika kikokotoo kilichopoteza tarakimu ya saba. Kijana mmoja wa bodaboda alileta mita ya mwendo ya pikipiki, naye akabishana nami kwa ufasaha mkubwa kwamba kifaa chenye kioo, namba na mshale kina haki zote za kuitwa gemu. Na bibi mmoja, ambaye habari ilimfikia ikiwa imekwisha kupita katika vinywa vingi, aliweka mbele yangu pasi ya mkaa akanitaka nimpe dola zake, nusu leo na nusu baada ya mavuno. Niliwapa wote chai, kwa kuwa sikuona njia nyingine ya kuwaondoa kwa heshima, na sukari ya wiki nzima ikaishia pale.

Hata hivyo, mkiani mwa foleni alikuwapo mtoto mwenye mfuko wa salfeti, na ndani ya mfuko ule mlikuwa na kitu cha kweli: mashine ya kijivu, nyepesi kupita kiasi, iliyoigwa kutoka kwa ile Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983, na ambayo mafundi wa Taiwan na China waliinakili kwa bidii hata nakala zake zikafika katika miji ambayo jina la asili yake halikupata kutajwa. Katriji yake ilikuwa ya manjano, imebandikwa picha ya mwanamieleka ambaye ndani hayumo, na chini ya picha pameandikwa ahadi ya michezo 9999999. Mtoto aliniambia kwamba kaka yake alianza kuicheza yote kwa mpango, akakata tamaa alipofika wa mia mbili. Niliikagua usiku ule. Michezo ni saba. Iliyobaki ni ile ile iliyopewa majina mapya, hata mtu aliyevaa suruali nyekundu katika mchezo wa nne anavaa ya kijani katika mchezo wa mia nne, na huko mbele zaidi anaanza safari akiwa amebakiwa na roho moja. Nimeishi kupitia kampeni nyingi za uchaguzi, lakini sijapata kuona ahadi kubwa namna ile ikitekelezwa kwa uchache namna ile.

Pamoja na mashine hiyo ilikuja bastola.

Ilikuwa ya plastiki, nyeusi, yenye waya mrefu uliojiviringa kutoka kitakoni, nayo hutumika katika mchezo wa Duck Hunt, ambao Nintendo waliutoa mwaka 1984 na ambao kazi yake ni kuwatungua bata wanaoruka kutoka majanini huku mbwa asiye na haya akimcheka kila anayekosa. Bastola ilikuwa imekufa, na fundi pekee niliyemwamini alikuwa Mugumu. Sasa njia ya kutoka Tarime kwenda Mugumu hupita Nyamongo kwenye dhahabu, huvuka Mto Mara, kisha huingia katika wilaya ya Serengeti, ambako kila mwenye bunduki huulizwa habari zake kwa sababu zinazofahamika na kila nyumbu. Tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana, mwenye nidhamu, akapekua mfuko wangu.

"Shikamoo, mzee. Hii ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni bastola ya gemu."

"Kazi yake?"

Nilikwisha kuzoea kusema kweli tangu utotoni, nikasema, "Kuwindia bata."

Akaniuliza kama nina kibali cha kuwinda. Nikamweleza kwamba bata hawa hawana haja ya kibali, kwa kuwa makazi yao ni ndani ya runinga. Akanitazama kwa huruma, kisha akamwita mkubwa wake, naye mkubwa akauliza swali ambalo mkubwa yeyote angeliuliza, yaani risasi ziko wapi. Hapo, mbele ya abiria ambao walikwisha kushuka wote ili wasipitwe na neno, nikalazimika kutoa darasa. Nikasema kwamba bastola hii haitoi kitu chochote. Kwamba ndani ya mtutu wake mna jicho dogo linalopokea mwanga. Kwamba mtu akivuta kifyatulio, kioo cha runinga huwa cheusi kitupu kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata hutokea mraba mweupe, na jicho lile likiuona weupe ule, mashine hutoa hukumu kwamba bata amepigwa. Mkubwa akatafakari.

"Kwa hiyo," akasema, "si wewe unayempiga bata. Bata ndiye anayekupiga wewe."

Nimesoma maelezo mengi ya chombo hiki na sijaona yaliyo bora kuliko hayo. Mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga akataka kujua kama kinafaa pia kwa mwewe. Mwisho nilitakiwa kutia sahihi kwenye daftari, ambamo paliandikwa kwa mwandiko mzuri sana: silaha moja, ya plastiki, haina risasi, huwinda ndani.

Fundi wa Mugumu alikuwa mahiri, na kabla ya adhuhuri bastola ilikuwa hai. Lakini tulipoijaribu katika runinga yake bapa ya kisasa, bata wote waligeuka kuwa wasiokufa. Sababu yake ni kwamba runinga hizi mpya hukaa kidogo zikiitengeneza picha kabla ya kuionyesha, nayo mashine ya zamani haina subira hiyo, kwani imefundishwa kusubiri mwanga wa runinga ya chogo ambayo huchora picha papo hapo. Nikanunua runinga ya chogo kwa mwenye gesti mmoja aliyefurahi kupita kiasi kuiona ikiondoka, wakaipandisha watu wanne juu ya basi, nikarudi nayo njia ile ile, nikakuta kizuizini ni askari yule yule.

"Mzee," akasema akiangalia juu, "naona umewachukua na bata wenyewe."

Asidhani msomaji kwamba kabla yangu wilaya hizi zilikuwa gizani. Tangu zamani pale Sirari, ambako mpaka wa Kenya umbali wake ni wa kutupa jiwe, na Tarime mjini, na Mugumu, vibanda umiza vimekuwa vikionyesha filamu usiku na kuchezesha gemu mchana, na mfalme wa vibanda hivyo ni PlayStation 2, iliyotoka Japani tarehe 4 Machi 2000 na ambayo ilikoma kutengenezwa mwaka 2013 baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Sharti ni moja, anayefungwa anatoka. Pedi niliyoipenda kuliko zote nilizozikuta huko ilikuwa na kitufe cha kupigia mashuti kilichokwisha kuliwa na vidole vya miaka mingi, na mahali pake pamewekwa kipande cha kandambili ya buluu kilichokatwa kwa wembe kikalingana sawasawa, na vijana waliapa kwamba shuti la kandambili lina nguvu kuliko la kiwandani. Kampuni ya Konami walitoa mchezo wao wa mwisho wa mpira kwa mashine hiyo mwaka 2013. Lakini mafundi wa mijini, ambao hawakuiomba ruhusa Konami, huendelea kuchoma diski zenye wachezaji waliohama majuzi tu, kiasi kwamba mtu aliyesajiliwa Julai huwa anafunga mabao Sirari kabla ya Septemba.

Mwenye kibanda mmoja upande wa Serengeti alijipatia mashine ya mtumba iliyotoka Japani kwenyewe, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, akaichomeka katika umeme wetu wa volti 230 mbele ya wateja waliokwisha kulipa. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba mwanga wake wa kwanza ulikuwa mzuri mno. Akaniuzia kilichobaki kwa bei ya mashine nzima, akidai kwamba imetumika mara moja tu.

Ama diski, hizo nilizikuta shambani. Nilikuwa nikipita kwa miguu upande wa Natta, nikaona mtama unametameta juani kana kwamba pana harusi. Nilipokaribia nikakuta diski za gemu zimetungwa katika kamba kutoka mti hadi mti ili kuwatisha kwelea kwelea, na miongoni mwao, ikizunguka kwa upepo, ilikuwapo Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Mama mwenye shamba akanipokea kwa ukarimu, lakini alipofahamu ninachotaka akaweka mkono kiunoni. "Baba, nikikupa hizi, ndege utawafukuza wewe?" Akaniambia kwamba ile yenye picha za wahuni ndiyo inayoogopwa zaidi. Baada ya mjadala mrefu tukapatana kwamba nimpe diski mpya kwa kila kuukuu nitakayoichukua, nami nikamletea za kwaya, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nazo. Baada ya siku chache akanitumia salamu kwamba ndege wamezidi, na kwa maoni yake wanakuja kusikiliza. Nami faida niliyoipata ni hii: ukiiinua San Andreas ile kuelekea juani unaona matobo madogo madogo yasiyo na idadi, maana ile tabaka ya aluminiamu iliyobeba mchezo imeliwa na jua na mvua, na hapana mashine duniani inayoweza kuisoma. Ningali nayo. Mke wangu ameomba aitundike kwenye mchicha.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaonicheka, kwani mambo ya mbele, nikiyatazama vizuri, yana kichekesho kikubwa kuliko changu. Mwezi wa Novemba 2024 Sony walitoa PlayStation 5 Pro, ambayo haina hata tundu la kutilia diski; anayelitaka tundu hulinunua peke yake. Tarehe 5 Juni 2025 Nintendo wakatoa Switch 2, na baadhi ya kadi zake, ukishanunua na kufungua kwa furaha, huwa hazina mchezo ndani, zina ufunguo tu wa kukuruhusu uende ukaupakue mchezo kwa intaneti. Ubisoft walikuwa na mchezo wa magari uitwao The Crew, ulioanza kuuzwa mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima mitambo yake, na watu waliokuwa wameulipia, hata wenye diski mkononi, wakabaki wakitazama kioo. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ilikwisha kutangaza kwamba katika michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena madukani kwa njia ya halali. Mjukuu wangu hana habari ya takwimu hizo, ila anaijua maana yake: tangu mwaka 2021, Konami walipoubadili mpira wao ukawa eFootball, wa bure lakini wa kutegemea mtandao, yeye huupata kwa kupanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na mara nyingi bando huisha mchezo ungali ukijisasisha, akateremka bila ya kugusa mpira.

Nilimweleza habari hizi mzee yule asiyepunjwa mnadani, maana niliona ndiye mwenye kichwa cha kuzipokea. Nikamwambia: chukulia unanunua ng'ombe, unatoa fedha taslimu, lakini ng'ombe anabaki zizini kwa muuzaji, nawe unapewa idhini ya kwenda kukamua, hadi siku muuzaji atakapochoka kufuga.

"Na siku hiyo ananirudishia fedha?"

"Hakurudishii."

"Ndama?"

"Hata ndama."

Akatikisa kichwa kwa muda. Akasema kwamba kumwekea mtu ng'ombe ni desturi njema na ya kale, mwekewa huchunga na hunywa maziwa kama ujira wake, na mwenyewe hubaki mwenyewe. Lakini katika maisha yake yote hajasikia mahali ambapo mnywa maziwa hutoa fedha na kuambiwa amenunua. Akataka kujua kama watu hao wa kampuni wamewahi kufika Tarime, na sauti yake ilinifanya niwatakie wasifike.

Ili kumtuliza nikampa mkononi gemu ndogo ya matofali, zile za kijivu zenye kioo cha kijani zilizojaa mitaani siku za nyuma, zenye kudai michezo 9999, ambayo kwa ujumla wake ni Tetris. Nikamsimulia kwamba mchezo huo ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtumishi wa serikali, na kwamba ulienea dunia nzima huku haki zake zikishikwa na dola, hata yeye mwenyewe akaanza kupokea malipo mwaka 1996. Mzee hakunijibu. Tofali refu lilikuwa linashuka. Alicheza hadi giza likaingia, akawasha kioo kwa tochi ya simu, akakataa chakula, akainuka na kwenda nayo kwake bila ya kuaga, jambo ambalo si la tabia yake.

Baada ya muda wa kutosha kwa ustaarabu nilikwenda kuidai. Nikamkuta chini ya mwembe, wajukuu wamemzunguka, mwekahazina wa kijiji amesimama nyuma yake akimshauri ageuze upande wa kushoto. Nilipotaja neno la kurudisha, akaniuliza, bila ya kuinua macho, kama gemu ile ni yangu au si yangu. Nikasema ni yangu. Akasema vema, hapana aliyebisha, umeniwekea nami nanywa maziwa, na anayetaka kuvunja desturi ya wazee asimame mbele ya watu aseme. Mwekahazina akatazama pembeni.

Juzi amemtuma mtoto kwangu na ujumbe wa mdomo: ng'ombe wako amekonda, lete betri mbili ndogo, na usilete zile za bei rahisi.